Mshale wa Hali ya Hewa

Nilipewa darasa la tatu kwa sababu ya sauti yangu. Mwalimu mkuu alinisikiliza nikisoma ukurasa mmoja mbele ya walimu wote wa shule, yaani mbele yake na mwalimu mwingine mmoja, kisha akasema, "La saba watakumeza. La kwanza watadhani unawanong'oneza siri, watalia. Chukua la tatu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimemaliza la saba mwaka uliotangulia, kwetu Titye, upande wa Kasulu. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Lakini katikati ya miaka ya sabini serikali ilitaka kila mtoto aingie shule, na walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana wa la saba tulichukuliwa tufundishe asubuhi na sisi wenyewe tufundishwe ualimu mchana. Mimi nikapelekwa wilaya ya Kibondo, kwenye kijiji kipya upande wa Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi. Watu wa pale walikuwa wamehamishwa kutoka vilimani na kupangwa kwenye mistari iliyonyooka. Wengi walikuwa bado hawajaizoea. Jioni ungemkuta mzee mzima amesimama kati ya nyumba mbili zinazofanana, jembe begani, anafikiri ipi ni yake.

Zaidi ya sauti ndogo, nilikuwa naandika polepole. Naandika polepole hata leo. Ubaoni nilichora kila herufi kama ninayepanda mche, na watoto waliokuwa wananakili walinifikia kabla sijamaliza neno. Wakawa wananingoja kalamu juu, na baadaye wakaanza kubahatisha herufi inayofuata. "Itakuwa M!" alisema mmoja. "Si M, ni N, tazama mkono wake." Wakati mwingine nilibadilisha neno nililokusudia ili nisimwangushe mtoto aliyebahatisha.

Niliipenda kazi ile. Nyumbani nilikuwa mtoto wa nne wa kiume na hakuna aliyegeuka nikiingia ndani. Hapa watoto walisimama wote kwa pamoja. Na baba yangu, kule Titye, alikuwa ameshaanza kuitwa Baba Mwalimu. Aliitikia jina hilo hata alipoitwa na mtu aliye ng'ambo ya bonde. Lakini nilikuwa bado wa majaribio. Mkaguzi angekuja kutoka Kibondo, angekaa nyuma ya darasa, na asingeridhika ningerudishwa kwetu. Mwenzangu mmoja wa upande wa Kitahana alikuwa amerudishwa hivyo hivyo, kwa sababu hakusikika kwenye dawati la mwisho. Alirudi na sanduku lake kichwani, na inasemekana njiani aliimba kwa sauti kubwa sana.

Somo la hali ya hewa lilitaka chati. Mwenye duka mmoja wa Kibondo mjini, mzee wa Kiislamu aliyekuwa na ndugu zake Pwani, alinipa upande mzima wa katoni ya sabuni. Nikaugawa mara nne. Juu nikachora jua, kulia mvua, chini mawingu, kushoto upepo, ambao ulikuwa mgomba uliolala. Mawingu niliyapaka mkaa. Mvua niliipaka bluu ya kufulia. Jua nililipaka bizari aliyonipa mzee yule yule, likawa linanukia pilau. Katikati nikagongomea mshale niliokata kwenye kopo la mafuta. Kila asubuhi mtoto mmoja angetoka, angetazama mbingu, na angesogeza mshale kwenye picha inayofanana na siku.

Ndani ya darasa mlikuwa na giza, kwa hiyo chati nikaitundika nje, ukutani, pembeni ya njia. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa hata mwalimu mkuu hakuliona kosa hilo.

Ukuta ule ndio uliokuwa wa matangazo ya kijiji, maana ofisi ilikuwa haijaezekwa. Yote yalibandikwa pale. Kila kaya ilime ekari moja ya muhogo. Kila kaya ichimbe choo. Jumamosi watu wote waje barabarani na majembe. Wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Na miaka ile kilichobandikwa ukutani kilitokea. Lilibandikwa tangazo la kuhama, watu wakahama, mlima mzima ukabaki na nyani. Sasa asubuhi moja katikati ya amri zile watu wakaona picha ya mvua na mshale wa bati umeielekea, na saa nne mvua ikanyesha.

Siku ya nne akaja mama mmoja mwenye kikapu. Alisimama mbele ya chati muda mrefu, halafu akaja mlangoni, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwidiwe, Mwalimu."

"Mwidiwe, mama."

"Naona leo mmeweka mawingu."

"Ndiyo, mama. Leo kuna mawingu."

"Yapo, nimeyaona. Nami nimeanika muhogo."

"Si sisi tulioyaweka, mama. Mshale unafuata..." Sauti yangu ikaishia hapo. Alikuwa na umri wa mama yangu na alikuwa ananitazama moja kwa moja usoni.

"Siku mbili tu," akasema. "Sikuombi wiki."

Nilitaka aende bila kukasirika. Nikatoka, nikasogeza mshale mpaka kwenye jua. Alinishukuru kwa kupiga magoti kidogo, nami nikaona aibu, nikarudi ndani kuendelea na herufi zangu. Kabla ya mchana mawingu yakatawanyika. Jua likawaka siku ile na kesho yake. Siku ya tatu mama yule akaleta bakuli la maharage yaliyoungwa mawese, na mwalimu mkuu, aliyekula zaidi ya nusu, akasema mimi ni kijana mwenye kuelewana na wazazi.

Wakaanza kuja. Waliofiwa walikuja kuomba jua la kuzika. Aliyechelewa kupanda alikuja kuomba mvua, ila ya usiku, asilowe shambani. Kila mmoja nilijaribu kumweleza, na kila mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka nikanyamaza, kisha akarudia ombi lake. Asubuhi moja walikutana wawili, fundi wa matofali na bibi mmoja wa mstari wa tatu.

"Weka jua, Mwalimu," akasema fundi. "Tofali zangu bado mbichi, zitarudi kuwa tope."

"Weka mvua," akasema bibi. "Maharage yangu yametoa majani mawili, yamesimama hapo hapo kama yanaulizana."

"Bibi, mvua utaipata wiki ijayo."

"Kwani wiki ijayo wewe utakula tofali?"

"Na wewe utalala ndani ya maharage?"

"Nililala ndani ya nyasi miaka sitini kabla hujazaliwa na matofali yako! Mwalimu, mvua!"

Wakanigeukia wote wawili. Nikaenda ukutani na kuusimamisha mshale katikati kabisa, kati ya jua na mvua, penye katoni tupu, kisha nikaingia darasani na kujifanya natafuta chaki. Mchana ule mvua ilinyesha huku jua linawaka. Ilinyesha kama nusu saa, matone yanang'aa kama shanga. Watu walitoka majumbani kuitazama, kisha wakaugeukia ukuta wa shule. Kama palikuwa na mtu aliyebaki na shaka, ilimtoka siku ile.

Kesho yake akaja Mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wawili. Alikuwa mtu mwenye mwendo wa haraka na kalamu mfukoni.

"Ndugu Mwalimu, nimesikia habari ya mshale. Mimi mambo haya siyaamini."

Nikapumua. "Hata mimi, Mwenyekiti."

"Vizuri. Basi tuyawekee utaratibu. Haiwezekani kila mtu aje kwa wakati wake kujipatia hali ya hewa. Huo ni ubinafsi. Yapite kwenye kamati."

"Lakini Mwenyekiti, kama hatuyaamini..."

"Ndugu Mwalimu, hata ile mbolea ya wilayani siiamini, lakini nimeiwekea daftari."

Tangu hapo nikawa napokea karatasi kila Jumapili jioni, ina muhuri. Moja naikumbuka vizuri kwa sababu niliinakili kwenye daftari langu la masomo:

"Ndugu Mwalimu. Yah: Mshale. Kamati imeketi na kuazimia kama ifuatavyo. Jumatatu hadi Jumatano, mvua, isiyo ya mawe. Alhamisi, mawingu, watu wapumzike. Ijumaa na Jumamosi, jua, kwa sababu ya arusi ya mstari wa pili. Upepo usitumike mpaka nyumba zote ziwe zimeezekwa. Wako katika ujenzi wa taifa."

Nikawa nasogeza mshale kwa kufuata karatasi. Watoto bado walitoka kila asubuhi kutazama mbingu, lakini sasa waliitazama ili kuona kama imetii. Haikutii sana. Na hilo halikumsumbua mtu yeyote. Kijiji kilikuwa kimezoea maazimio yanayotekelezwa nusu. Bomba la maji lililoahidiwa lilikuwa limefika mpaka Kibondo likalala hapo. Mvua iliyoazimiwa Jumatano ikija Alhamisi asubuhi, watu waliona imejitahidi.

Mtu pekee niliyemwogopa kwa kweli alikuwa mteko. Huku kwetu mteko ni mzee wa ardhi na mvua. Tangu enzi za mwami, mtawala wetu wa zamani, yeye ndiye aliyepelekewa maombi watu wanapotaka mvua, na huyu wa kwetu alihamishiwa mstari wa tano pamoja na vyungu vyake. Kila Jumanne na Alhamisi jioni alikuja kwangu kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Alikuwa anajifunza kuandika jina lake. Alikaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yamefika karibu na masikio. Siku moja wenzake walipoondoka yeye akabaki.

"Mwalimu, sikubaki kugombana."

"Ndiyo, mzee."

"Nataka kujua tu mambo ya kazi. Mimi mtu akitaka mvua huniletea jogoo na kibuyu cha pombe ya ndizi. Wewe wanakupa nini?"

"Wananipa mshahara, mzee. Kwa ajili ya kufundisha."

"Kila mvua?"

"Kila mwezi."

"Na mwezi usio na mvua?"

"Vilevile."

Nje kuku walikuwa wanaparua. "Miaka yote hii," akasema taratibu. Kisha akauliza, "Walikufunga kamba lini mara ya mwisho?"

"Kunifunga, mzee?"

"Mvua ikikataa kabisa. Babu yangu walimfunga kwenye mti juani mpaka ikanyesha. Baba yangu mara mbili. Mimi bado, lakini najua watakaokuja, tunasalimiana vizuri." Akajinyanyua kutoka kwenye dawati kwa shida, akanigusa bega. "Wakija, usiwakasirikie. Na kunywa maji mengi kabla."

Nilikuwa bado nalifikiria hilo ilipokuja barua ya ukaguzi. Mkaguzi atafika Jumatano. Darasa la tatu, somo: Mzunguko wa Maji. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili na kuniita.

"Hii ndiyo siku yako," akasema. "Ukipita, umepita. Usipopita, Ijumaa unapanda lori la Kasulu. Kwanza, sauti. Toa sauti. Pili, ile chati. Mkaguzi yeyote akifika huanza kwa kutazama chati. Lazima ioneshe hali halisi ya siku hiyo. Hali halisi, Mwalimu."

Jumapili ikaja karatasi ya kamati. "Jumatano, jua, mchana kutwa, kwa heshima ya mgeni kutoka wilayani na kwa sababu ya mbuzi atakayechomwa uwanjani."

Jumanne usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimekariri somo lote na nilikuwa nalisema gizani kwa sauti kubwa, au niliyodhani ni kubwa, mpaka kijana niliyekaa naye nyumba moja akauliza kama ninaomba dua. Alfajiri nikasikia mlio kwenye nyasi za paa. Mvua. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa ile mvua nzito ya milimani kwetu, inayofuta vilima kimoja kimoja mpaka ubaki na uwanja wako peke yake.

Nilipofika shuleni niliwakuta wananingoja ukutani. Mwenyekiti alikuwa na gunia kichwani.

"Ndugu Mwalimu, azimio," akasema, akaonyesha jua kwa kidole.

Mwalimu mkuu alikuwa upande wa pili chini ya upenu. "Mwalimu, hali halisi," akasema, akaonyesha mvua.

Nyuma yao walikuwa wazazi kama thelathini wamejibana ukutani, na mteko katikati, wote macho kwenye mkono wangu. Nikiweka jua, mkaguzi ataona mwalimu asiyejua kama mvua inanyesha. Nikiweka mvua, kijiji kizima kitaona nani aliyemlowesha mgeni na kuzima moto wa mbuzi. Nikautazama mshale. Jana ulikuwa kwenye mawingu, na ulikuwa bado huko. Nikawaambia, "Shikamooni," nikaingia darasani bila kuugusa.

Mkaguzi alikuja saa tatu, anasukuma pikipiki yake, tope limefika magotini. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa koti zito la sufu, na koti lote lilikuwa limeshiba maji. Kabla ya kumsalimia mtu yeyote alisimama mbele ya chati. Maji yalikuwa yanamtiririka puani.

"Mawingu," akasoma. Akatoa daftari chini ya koti na kuandika kitu kifupi.

Somo nililipanga kwa vitendo. Katikati ya darasa niliweka mafiga matatu, sufuria ya maji, na sahani ya bati ya kushikilia juu yake, ili mvuke ukigusa bati baridi ugeuke matone na watoto waone mvua inavyozaliwa. Nyumbani nilijaribu mara tatu, ikakubali. Lakini nyumbani kuni zilikuwa kavu. Kuni za siku ile zilitoa moshi tu, mwingi, mweupe, na dirisha lilikuwa moja, tena limejaa vichwa vya wazazi wanaojikinga mvua. Dakika kumi baadaye darasa zima lilikuwa linalia machozi. Mkaguzi alikohoa kwenye kona yake. Nilikuwa namsikia bila kumwona.

"Maji yakipata joto," nikasema, "yanakuwa..."

"Sauti, Mwalimu," ikasema kona.

"Yanakuwa mvuke..."

"Sauti."

Nilijaribu. Nilifungua mdomo zaidi lakini hakikutoka kilichozidi. Nikaandika ubaoni MZUNGU, na kabla sijafika KO sauti ya mtoto ikabahatisha, "Mzungu!" na watoto wote wakageuka kumtafuta mlangoni.

Hatimaye maji yakachemka. Nikashika sahani juu ya mvuke, matone yakajikusanya, yakaanguka tena ndani ya sufuria. Nilidhani wameelewa. Mkaguzi akatokea kwenye moshi, macho mekundu, akaja mbele.

"Haya, watoto. Nani ataniambia mvua inatoka wapi?"

Mikono ikapanda yote. Akamchagua msichana wa mbele, mwepesi kuliko wote.

"Mvua inatoka kwenye kamati, Mwalimu."

Mkaguzi akainama kidogo. "Inatoka wapi?"

"Kwenye kamati ya kijiji. Wanampa mwalimu wetu karatasi, halafu anaileta."

"Ana bidii!" akasema mtu dirishani, kwa nia njema kabisa.

Akamchagua mwingine. Huyu alitaka kusahihisha. "Si yote, Mwalimu. Kuna mvua ya kijiji na kuna mvua ya Burundi. Ya Burundi haina kamati, inavuka mto inanyesha ovyo."

"Na hii ya leo?" akauliza mkaguzi.

Mtoto akatazama nje. "Hii ni ya Burundi."

"Kweli kabisa," akasema Mwenyekiti mlangoni. "Sisi ya leo hatukuiazimia."

Mkaguzi akafungua daftari lake. Nikaona kalamu inashuka kuelekea karatasi, na nikamwona baba yangu amesimama kando ya njia Titye, anaitwa kutoka ng'ambo ya bonde, na safari hii haitikii. Sijui nini kilinishika. Niliweka sahani chini na kupiga kelele.

"Tokeni nje!"

Sijawahi kuisikia sauti ile, kabla ya siku hiyo wala baadaye. Watoto waliruka kwenye madawati. Mtu dirishani aliangusha mwavuli wake wa jani la mgomba. "Wote! Na wazazi! Na wewe Mwenyekiti! Na..." nikafika kwa mkaguzi, "na wewe mzee, tafadhali!"

Tukatoka wote mvuani. Nikashika mshale na kuuvuta mpaka kwenye jua.

"Tazameni! Mshale uko wapi?"

"Kwenye jua!" wakaitikia.

"Mvua imekoma?"

"Haijakoma!"

"Basi mshale unaiamuru mvua?"

Hapo hawakujibu. Hawakuwa wakaidi, walikuwa wanangoja. Nami nikangoja, nikiwa na uhakika kwa mara ya kwanza tangu niwe mwalimu. Tulisimama hivyo, watu kama mia, maji yanatuingia shingoni, tunatazama juu. Kisha nikahisi mvua inapungua. Nikaikazia macho kama mtu anayemwomba ng'ombe asiingie shambani. Ikapungua zaidi. Ikawa manyunyu. Kilima cha kwanza kikatokea, kisha cha pili, na mawingu yakapasuka juu ya barabara ya Mabamba, na jua likatua juu yetu lote kwa pamoja, kali, kana kwamba lilikuwa nyuma ya mlango.

Mwenyekiti akatoa gunia kichwani. "Azimio limetekelezwa," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Hapana!" nikapiga kelele. Nikautupa mshale kwenye mvua. "Haya, sasa uko kwenye mvua! Iko wapi mvua? Iko wapi?"

Wakatazama juu kwa subira.

"Hiyo haijapita kwenye kamati," akasema mama mmoja.

"Na imetoka kunyesha sasa hivi," akasema mteko, kwa upole wa mtu wa kazi moja. "Iache ipumzike kidogo."

Nikauzungusha mshale. Jua, mawingu, mvua, nikauweka hata kwenye upepo, na watu wawili wakashika mapaa ya nyumba zao kwa macho. Nilikuwa napiga kelele muda wote, sikumbuki maneno. Kisha nikasikia watoto wamenyamaza kwa namna nyingine. Hawakuwa wananitazama mimi, wala ukuta, wala mbingu. Walikuwa wanamtazama mkaguzi.

"Mwalimu," akasema yule msichana wa mbele, akasahau kunyoosha mkono. "Mkaguzi anachemka."

Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa limempiga mgongoni, na kutoka kwenye koti lake lote la sufu mvuke ulikuwa unapanda, mweupe, mnene, unapita masikioni na kuendelea juu ya kofia. Yeye mwenyewe hakuwa ameuona. Akataka kusogea.

"Usisogee, mzee!" nikasema, bado kwa sauti ile ile, na mkaguzi wa shule za wilaya akasimama wima kama askari. Nikawageukia watoto. "Hicho kinachotoka ni nini?"

"Moshi!" "Si moshi, hana moto!" "Ni mvuke! Kama wa sufuria!"

"Ulikuwa nini kwanza?"

"Maji! Ni ile mvua ya Burundi!"

"Unakwenda wapi?"

Vichwa vyote vikainuka kidogo kidogo, vikifuata mvuke mpaka ulipopotelea. Juu kabisa, palipobaki wingu moja dogo, macho yakatua. Msichana yule alikuwa amefungua mdomo.

"Anarudisha," akasema. "Mvua yake anairudisha juu."

"Na nani amemwambia airudishe? Kamati?"

Akafikiri. Alimtazama Mwenyekiti, akamtazama mkaguzi, akaweka kiganja chake juu ya mkono wake uliolowa na kukiacha hapo. "Jua," akasema. "Ni jua tu. Lina joto."

Watoto wa nyuma walikuwa hawaoni vizuri. Nikamwomba mkaguzi ageuke, akageuka. Akageuka tena upande wa pili. Mteko alikuja karibu, akapitisha mkono kwenye mvuke wa mabega yake, akaunusa mkono, akarudi mahali pake.

Mchana mwalimu mkuu aliniita ofisini, akatuacha mimi na mkaguzi. Koti lilikuwa limetundikwa dirishani. Alikuwa na fomu mezani na mfupa wa mbuzi kwenye sahani.

"Chati yako," akasema, "tangu nifike haijaonesha hali halisi hata mara moja."

"Ndiyo, mzee."

"Na wale wazee, sijui umewathibitishia nini."

"Nadhani sasa wanaamini zaidi, mzee."

"Nadhani hivyo hivyo. Mwenyekiti ameniuliza kama wilaya inaweza kutoa mshale mkubwa zaidi." Akasukuma sahani pembeni. "Kaguzi zangu zote, watoto huwa wananitazama kwa woga. Leo mara ya kwanza nimetazamwa kama kitu cha..." Akachukua kalamu.

Aliandika mistari minne. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, nikawa nasoma karatasi ikiwa kichwa chini, herufi moja moja, kwa mwendo wangu. Penye sauti aliandika: inasikika mpaka nje. Penye vifaa: hafifu, moshi mwingi. Penye chati: iondolewe ukutani, iwekwe ndani. Nikafika mstari wa mwisho kabla hajaufunika kwa mkono. Ulikuwa na neno moja, nami nilihakikisha kila herufi yake, A, kisha B, kisha A, K, A... hapana, I. Abaki.

Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilitaka kumshukuru kama inavyopasa, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha yote kule uwanjani. Nikampungia mkono mpaka akapotea kwenye kona, na wiki nzima iliyofuata nilifundisha darasa la tatu kwa vidole.